Umeumia, Umeletewa Karatasi Utie Sahihi: Masuali Tunayoulizwa Sana Kuhusu Kuachia Madai na Aina za Fidia

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Mimi ni msaidizi wa sheria, siku zangu nyingi nakaa na watu walopata ajali, na masuali haya ndo yale yale naulizwa barazani, kwenye simu, hata nje ya msikiti watu wanavaa viatu. Nimeyaandika kwa sababu ya kaka yangu. Aligongwa na gari akavunjika shingo ya paja, wiki ya pili bado yuko kitandani akaja bwana mmoja na bahasha ya laki nane na karatasi ya kurasa mbili ya Kiingereza, akatia sahihi kwa peni ya yule yule bwana. Mwezi wa kumi baada ya ajali nyonga ikaanza kumuuma upya, dokta akamwambia kichwa cha mfupa kimekosa damu, kimekufa, anahitaji opresheni kubwa. Alipokwenda kudai akaonyeshwa sahihi yake. Basi.

Sasa tuanze.

Hii karatasi ya kuachia madai ni kitu gani hasa?

Ni mkataba. Wewe unapokea pesa, yeye anapokea ahadi yako kwamba hutomdai tena kwa ajali hiyo, wala kwa mahkama wala kwa bima. Watu wa bima wanaiita dischaji vocha, na jina hilo linawapoteza wengi, mtu akisikia vocha anadhani ni risiti ya kuonyesha kapokea pesa. Si risiti. Risiti inasema nimepokea, karatasi hii inasema nimepokea na nimemaliza. Kwa hiyo ukisaini unauza kitu, unauza haki yako ya kudai, na muuzaji yeyote wa Darajani atakwambia huuzi mzigo kabla hujajua kilo ngapi. Masuali mengine yote hapa chini yanarudi hapo hapo, je umeshapima?

Mbona imeandikwa "madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana"?

Hayo ndo maneno mazito kuliko yote kwenye karatasi nzima. Maana yake, hata ugonjwa ambao leo huuoni ukija kutoka kwenye ajali hii, umeshauuza pamoja. Na mwili wa binadamu hausemi yote siku ya kwanza. Mtu akipigwa kichwa damu inaweza kuvuja kidogo kidogo ndani wiki kadhaa ndo aanze kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa, mzee hasa. Shingo ya paja ikivunjika, kile kichwa cha mfupa kinaweza kufa miezi mingi baadae, hata mwaka wa pili, kama kilivyomfanya kaka yangu. Chuma ulichowekewa mguuni huenda siku moja kikatolewa, na hiyo ni opresheni nyengine na mapumziko mengine.

Ndo maana nawaambia watu subirini mpaka dokta aandike kwamba hali yako imetulia, yaani umefika pale ulipofika, hutopona zaidi ya hapo au umepona kabisa. Kabla ya hapo hakuna anaejua thamani ya madai yako, si wewe, si wakili, wala huyo alokuja na bahasha. Na ikiwa dhiki inakubana kweli huwezi kusubiri, omba malipo ya awali kwa maandishi, iandikwe wazi kwamba ni sehemu tu ya fidia na haki ya kudai iliyobaki ipo pale pale. Wengine wanakubali, kwani wanajua hesabu inakwenda wapi.

Nilisema nimemsamehe kwa ajili ya Mungu, mbele ya sheha na wazee. Haki yangu imeshakwenda?

Hili naulizwa sana na nalijibu kwa heshima, maana kusamehe ni jambo kubwa kwetu na sitaki mtu ajute kwa wema wake. Lakini kuna kusamehe moyoni na kuna kuachia madai. Unaweza ukamwambia kijana wa boda sina kinyongo na wewe mwanangu, Mungu akusamehe, na bado bima ya chombo chake ikalipa matibabu yako. Bima imelipiwa kwa kazi hiyo, haitoki mfukoni kwa yule kijana.

Tatizo linakuja pale sheha anapoandika karatasi "pande mbili wamesuluhishana, mlalamikaji hana dai lolote tena" na wewe ukatia dole. Sheha si hakimu, karatasi yake si hukumu, lakini mkataba unaweza kuwa mkataba hata ukiandikwa kwenye daftari la skuli. Ikifika mahkamani itaonyeshwa. Kwa hiyo kama nia yako ni kusamehe ugomvi tu, sema iandikwe hivyo: tumesameheana, na suala la matibabu na fidia linaendelea.

Na Mahkama ya Kadhi haihusiki hapa, ile ni kwa ndoa, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo. Madai ya kuumia yanakwenda mahkama za kawaida, na ni mahkama ipi inategemea kiasi unachodai.

Nikisamehe, na kesi ya polisi inafutika?

Hapana, si lazima. Ile kesi ya kuendesha ovyo ni ya Serikali dhidi ya dereva, wewe ni shahidi. Na kinyume chake pia kweli, dereva akitozwa faini mahkamani hiyo pesa si yako, inaingia Serikalini, wewe bado unalo dai lako la madhara. Nimeona watu wamekaa miaka wakisubiri "kesi iishe nilipwe" na kesi ilokuwa ikiendelea haikuwa yao hata siku moja.

Haya, fidia zenyewe ziko aina ngapi?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanapunjwa. Mtu akisikia fidia anafikiria pesa za dawa. Dawa ni kipande tu.

Kuna fidia mahsusi, hii ni khasara ambayo unaweza kuihesabu kwa shilingi mpaka siku ya kudai: dawa, picha za eksirei, nauli, magongo, mtu wa kukuuguza, mshahara au kipato ulichokosa, chombo kilichovunjika. Sheria yake ni kali, kila kitu ukitaje kimoja kimoja kwenye madai na kila kimoja ukithibitishe. Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, ambayo ndo inasikiliza rufaa za Bara na za Mahkama Kuu ya Zanzibar, ilishalisema hili wazi kwenye kesi ya 1992 na mahakimu wanalirudia mpaka leo. Huna ushahidi, hupati, hata hakimu akikuonea huruma. Kwa hiyo nakuombeni, ile risiti ya famasi ya karatasi laini inayofutika ipige picha siku hiyo hiyo uitume kwenye Watsapu ya mtu wako, tiketi ya boti usiitupe, yule jirani anaekuuguza akulipishe kwa maandishi.

Halafu kuna fidia ya jumla. Hii ni kwa vitu visivyo na risiti. Maumivu. Kutolala. Kwamba ulikuwa unacheza ndondo kila jioni na sasa unakaa pembeni unatazama. Kwamba unasali kwenye kiti na una miaka 26. Kovu usoni kwa msichana. Kupoteza nguvu ya kupata kipato huko mbele, fundi ambae mkono wa kulia haukunjiki tena. Huhitaji kutaja kiasi kamili, unaeleza ulichopoteza na mahkama inakadiria kwa busara yake, lakini lazima iwe na cha kukadiria. Ushahidi wake ni wewe mwenyewe, mkeo au mumeo, dokta, mwajiri, hata kocha. Nawashauri waweke daftari, kila siku mistari miwili: leo nimeshindwa kupanda ngazi, leo nimekunywa dawa mara nne. Baada ya mwaka mtu husahau maumivu yake mwenyewe, daftari halisahau.

Karatasi za bahasha karibu zote zinalipa ile ya kwanza kidogo na ya pili haitajwi kabisa, na wewe kwa kutojua kama ipo unaona umetendewa wema.

Ipo ya tatu, fidia ya adhabu. Hii si ya kukurudishia ulichopoteza, ni ya kumtia adabu alofanya kwa ujeuri. Msingi wake kwetu umetoka kwenye sheria ya Kiingereza, na kesi ya Rookes na Barnard ya 1964 huko Uingereza iliibana sana: mtumishi wa Serikali alotumia nguvu kwa dhulma, au mtu alopiga hesabu kwamba akifanya ubaya atapata faida kuliko fidia atakayolipa, au pale sheria yenyewe imesema. Ajali ya kawaida ya barabarani, dereva kateleza kwa uzembe, usiitarajie. Hata hivyo mahkama inaweza kuongeza ile fidia ya jumla kama jinsi ulivyotendewa ilikuongezea machungu na fedheha.

Na ipo fidia ya jina tu, haki yako imevunjwa lakini hukuthibitisha khasara, unapewa kidogo kuonyesha ulikuwa na haki. Haimfai mgonjwa.

Nipe mfano wa hesabu, nitajuaje kama pesa nnayopewa ni ndogo?

Tuchukue mfano wa kutunga. Kijana wa boda anaebeba abiria Amani na Kijangwani, akishatoa mafuta na pesa ya bosi anabaki na 15,000 kwa siku, anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 390,000. Kagongwa, mguu umevunjika, kakaa miezi 4 bila kazi, 1,560,000. Dawa na vifaa 850,000. Alipelekwa Dar kwa madokta wa mifupa, boti yeye na mamake, chakula na malazi ya mama, 320,000. Kutengeneza boda 600,000. Jumla 3,330,000, na hii ni ile fidia mahsusi peke yake, mpaka leo.

Dokta kasema chuma kitatolewa mwakani, miezi 2 hatofanya kazi, ongeza 780,000. Tumefika 4,110,000 na bado hatujaweka shilingi moja ya maumivu wala ya mguu kuwa mfupi.

Sasa anakuja mtu na milioni 3 taslimu, noti mpya, mbele ya mama ambae hajawahi kuzishika. Inaonekana nyingi, lakini haifiki hata ile khasara ya mpaka leo. Ndo maana nasema kaa na karatasi na peni yako kwanza, ukokotoe ukiwa peke yako na si mbele ya bahasha.

Mimi spitali nilitibiwa bure, nidai nini sasa?

Kutibiwa bure hakukurejeshei mishahara wala mguu. Ulichotibiwa bila malipo hutokidai kama umelipa, hilo huwezi, lakini nauli, dawa ulizoambiwa kanunue nje, kipato, mtu wa kukuuguza, na fidia ya jumla yote iko pale pale. Na karatasi za spitali uziombe, iwe Mnazi Mmoja au Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani, pamoja na ile fomu ya polisi ya PF3 ambayo inatakiwa ijazwe mapema. Watu wengi waloumia kidogo wanaikwepa PF3 hawataki usumbufu, baadae ile "kidogo" inakua na hakuna pa kuonyesha ilianzia wapi.

Mbona Marekani mtu kamwagikiwa na kahawa kapewa mamilioni?

Kila mtu anaijua nusu ya kesi hii. Ni mwaka 1992, bibi wa miaka 79 huko Albuquerque aliungua na kahawa ya McDonald's, aliungua vibaya sana, ngozi ya mapajani na sehemu za siri ikabidi ipandikizwe, alilazwa siku 8. Mwanzo aliomba dola 20,000 tu, kampuni ikampa 800. Ndo ikafika mahkamani 1994, juri, yaani raia wa kawaida wanaokaa mahkamani kuamua kesi, wakasema fidia ya khasara yake ni 200,000, wakakata asilimia 20 kwa sababu na yeye alikuwa na sehemu ya makosa, ikabaki 160,000, halafu wakaongeza fidia ya adhabu milioni 2.7. Jaji akaishusha ile ya adhabu mpaka 480,000, jumla 640,000, na mwisho wakaelewana kwa siri kiasi ambacho hakikutangazwa.

Mimi huitumia kesi hii si kwa ajili ya yale mamilioni, sisi hatuna juri wa kupanga fidia na mahkama zetu hazitoi adhabu namna hiyo. Naitumia kwa zile 800. Angezipokea akasaini, lile dai la 20,000 lingekufa siku ile ile.

Nilikuwa na kisukari tokea zamani, wanasema kidonda kimechelewa kupona kwa sababu hiyo si kwa ajali.

Usikubali haraka. Kanuni ya sheria ni kwamba alokugonga anakuchukua kama ulivyo, hawezi kusema ungekuwa mzima ungepona upesi. Ila ugonjwa ulokuwa nao kabla na ungekuwa nao hata bila ajali, huo humlipishi. Kilichozidishwa na ajali ndo chake. Karatasi ya kliniki ya kabla ya ajali inasaidia sana hapa, inaonyesha ulikuwa unakwenda vizuri.

Na mimi nilikuwa na makosa, sikuvaa helmeti. Bado nadai?

Bado. Mahkama inaweza kukata sehemu yako, haikufukuzi. Lakini usiandike popote "kosa ni langu" na usiseme kwenye simu inayorekodiwa, makosa yako yatapimwa na hakimu, si na wewe ukiwa na maumivu. Na jitunze, ukiambiwa urudi kliniki rudi, maana khasara ilokuja kwa sababu uliacha dawa kwa kupenda kwako itakuwa juu yako.

Nimesaini kumwachia dereva tu. Naweza kumdai mwenye gari?

Suali zuri na la khatari. Dereva alokuwa kazini, tajiri wake anabeba makosa yake, kwa hiyo una watu wawili wa kudai kwa jeraha moja. Lakini kwenye sheria ya zamani ya Kiingereza ilotufikia, ukimwachia kabisa mmoja wa walofanya kosa pamoja, umewaachia na wenziwe, kwa sababu dai ni moja na umeliua. Njia ilotumika kuepuka ni kuandika kwamba unaahidi kutomshitaki huyu mmoja tu na unabakisha haki zako zote kwa wengine. Tofauti ni maneno machache na inaweza kuwa tofauti ya kupata na kukosa kila kitu. Hapa usiandike mwenyewe, tafuta wakili hata kwa saa moja.

Na chombo kina bima ndogo tu, je? Bima ndogo ndo yako wewe. Wengi wanaielewa kinyume, bima kubwa inamlipa na mwenye gari kwa gari yake, bima ndogo ni kwa ajili ya watu wa nje waloumizwa na chombo hicho. Chukua namba ya gari, jina la kampuni ya bima na namba ya kibandiko siku ile ile. Bima ikikuzungusha, TIRA, ile mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ina ofisi hapa Zanzibar, peleka malalamiko kwa maandishi.

Alieumia ni mtoto, babake ameshasaini.

Mtoto hana uwezo wa kuingia mkataba, na mzazi kusaini kwa niaba yake si ruhusa ya kuuza haki ya mtoto kwa bei yoyote. Kesi ikishafunguliwa mahkamani anaemsimamia mtoto hawezi kusuluhisha mpaka mahkama imruhusu na ione kama makubaliano yanamfaa mtoto. Mimi nawaambia wazazi hata kabla ya kesi fanyeni hivyo, pitisheni makubaliano mahkamani. Mfupa wa mtoto bado unakua, mguu uloonekana umepona akiwa na miaka 7 unaweza kuwa umepinda akiwa na 14. Babake akizikataa zile laki tano leo anamlinda mwanawe.

Mtu wetu amefariki. Nani anasaini?

Poleni sana. Hapa naona maumivu mengi kuliko kwengine, maana bahasha inaletwa ndani ya siku tatu za matanga na anapewa mkubwa wa familia, ami au kaka wa marehemu, na mjane yuko ndani ya eda hajui kitu. Madai ya kifo ni ya wale walokuwa wakimtegemea marehemu, mke, watoto, wazee wake, na yapo pia madai ya mirathi yake ambayo yanasimamiwa na msimamizi alowekwa kisheria. Ami hajawa msimamizi kwa kuwa mkubwa tu. Fidia inahesabiwa kwa kile marehemu alichokuwa akikileta nyumbani, kwa miaka ambayo ilitarajiwa aendelee kukileta, basi mtu wa miaka 30 mwenye watoto wadogo si wa laki mbili za sanda na maji.

Kaeni pamoja, mjane awepo au amtume mtu anaemwamini, na mwambieni alieleta bahasha kwamba ubani tunaupokea kama ubani, tunaandika hivyo, na madai yatazungumzwa baadae. Na hifadhini kila kinachoonyesha marehemu alikuwepo. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ilikuwa imejaa kupita kiasi, na wengi walokuwemo hawakuwa kwenye orodha ya abiria. Tiketi, picha ya bandarini, ujumbe wa "nishapanda meli mama", ni ushahidi.

Nimeumia kazini, hotelini. Ni hayo hayo?

Kuna tofauti kubwa, fidia ya mfanyakazi kisheria haikutaki uonyeshe nani kakosea, inatosha kwamba umeumia ukiwa kazini kwa sababu ya kazi. Ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, mnaousikia redioni ni wa Bara, Zanzibar tuna sheria yetu. Kabla ya kusaini karatasi yoyote ya mwajiri, hasa ile inayochanganya fidia na kuacha kazi kwa pamoja, pita Kamisheni ya Kazi.

Na wachumaji wa karafuu Pemba naomba mnisikilize. Mtu anaanguka mkarafuu, mti mrefu ule, anavunjika uti wa mgongo, na mwenye shamba anatoa elfu hamsini ya dawa wanapeana mikono. Kama ulichukuliwa kuchuma kwa malipo, ukapewa kamba iliyochakaa au ukapandishwa mti umeloa mvua na mwenye shamba akijua, lipo la kuzungumza. Usipeane mikono mpaka umemuona mtu wa sheria.

Fomu ya kutowadai nikiumia, nilosaini kabla ya kuingia kwenye mbizi au mchezo wa kaiti baharini Paje, je?

Mahkama huzisoma kwa jicho kali, maneno yasiyo wazi yanamgeukia alieyaandika. Usidhani imekufunga moja kwa moja, lakini usidhani pia haina uzito.

Nimeshasaini. Nimekwisha?

Pengine hapana, na hapa ndo nataka mtu asikate tamaa lakini asidanganywe pia. Kujuta si sababu. Kuona kiasi kidogo peke yake si sababu. Sababu ni ridhaa yako kutokuwa huru: ulitishwa, ulidanganywa, mtu mwenye nguvu juu yako alikushurutisha, au nyote mlikosea jambo la msingi. Umeambiwa "tia sahihi hapa ni ya nauli yako" kumbe ni kuachia madai, huo ni udanganyifu. Ulikuwa umechomwa sindano ya kulala saa moja kabla, mafaili ya spitali yataonyesha. Karatasi ya Kiingereza kwa mtu asiesoma Kiingereza na hakusomewa, hilo nalo lisemwe, pamoja na mashahidi waliokuwepo wodini.

Mkataba wa namna hiyo unaweza kuukataa, lakini ukikaa nao kimya mwaka mzima na pesa umeshatumia, ukimya wako utaonekana umekubali. Andika barua mapema, sema siutambui na sababu hizi, na uwe tayari kwamba pesa ulizopokea zitarejeshwa au zitakatwa kwenye fidia. Kaka yangu hakujua haya, alikaa kimya miezi 10.

Nina muda gani wa kudai?

Mahkama ina muda wake na ukipita umepita. Ile miaka 3 mnayoisoma mtandaoni ni ya sheria ya Bara, Zanzibar ina sheria yake ya muda wa madai, kwa hiyo usipange maisha yako kwa miaka 3 ya watu wengine. Nenda ndani ya wiki za mwanzo. Na maneno ya simu, "tunalishughulikia dada, subiri kidogo", hayasimamishi saa.

Sina pesa ya wakili.

Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ZLSC, kipo tangu 1992 na Pemba wana ofisi Chake Chake, wanatoa ushauri bila malipo. ZAFELA ni wanasheria wanawake, wanasaidia wanawake na watoto. Kwenye shehia nyingi wapo wasaidizi wa sheria kama mimi, muulize sheha wako. Ukimpata wakili wa kulipwa mkubaliane kwa maandishi anachukua kiasi gani na kutoka kwenye nini.

Bwana wa bahasha yuko sebuleni sasa hivi, ntamwambia nini?

Mkaribishe chai. Mwambie "nashukuru umekuja, niachie kopi nikaisome na watu wangu". Akisema haiachwi, lazima leo, mwambie basi leo haiwezekani, na hapo hapo uliza jina lake na ofisi yake uandike. Akikubali kuiacha, tafuta maneno matatu: yote, mwisho, yasiyojulikana. Piga picha kila ukurasa, mtumie mtu anaejua Kiingereza cha sheria. Usitie sahihi kwenye nafasi tupu. Usipokee pesa "ushike tu kwanza". Na kama mgonjwa ndo yuko kitandani na wewe ni mkewe au mamake, weka ile peni mbali na mkono wake mpaka dokta amuone.